Wakala wa Mwandishi Anakula Wapi?

Binti mmoja wa Mpanda aliyemaliza kidato cha nne alinijia na madaftari matatu. Ndani yake ameandika hadithi ya vijana wanaopanda treni kwenda Tabora kutafuta kazi. Mtu mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amempigia simu, akajitambulisha kuwa ni wakala wa waandishi na kwamba yeye naye hutunga hadithi za vijana. Alitaka atumiwe kwanza shilingi laki mbili za kusoma mswada. Mama wa binti alikuwa tayari kuuza magunia ya mahindi. Binti akaniuliza: "Baba, tutume?"

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Wakala humtafutia mwandishi mchapishaji, humjadilia mkataba na kumfuatilia malipo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ana wakala wake London, Peter Straus. Huko Uingereza, wakala kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya pato la mwandishi wake. Lakini hachukui hata senti kabla mwandishi hajalipwa. Mwandishi akilala njaa, naye analala njaa.

Mbona basi mawakala wa namna hiyo ni adimu hapa kwetu? Tupige hesabu. Chukua kitabu cha shilingi 5,000 chenye mrabaha wa asilimia 10. Mwandishi anapata shilingi 500 kwa kila nakala, na wakala 75. Zikiuzwa nakala 3,000, mwandishi ana shilingi 1,500,000, na wakala 225,000 tu, baada ya kazi ya miezi mingi. Nani ataendesha ofisi kwa fedha hizo? Ndiyo maana mwandishi wetu hubeba mswada wake mwenyewe hadi kwa mchapishaji. Na ndiyo maana anayedai fedha mbele anatia shaka: huyo hali kwenye kitabu, anakula kwa mwandishi.

Je, mtu wa biashara ya vitabu anaweza kuwa mtunzi pia? Anaweza. Elieshi Lema alianzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D mwaka 1989 pamoja na Demere Kitunga, na ameandika vitabu vya watoto na vijana, pamoja na riwaya ya Parched Earth iliyotoka mwaka 2001. Mtu wa aina hiyo anayajua machungu ya kalamu. Lakini wakala akiwa na mswada wake unaofanana na wako, atautetea upi? Hilo ni swali la kuulizwa mapema, na jibu liwekwe katika mkataba.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu anapoandika kazi yake, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini sheria inahitaji ushahidi. Nakala na tarehe ndiyo ngao.

Nilimjibu binti: usitume fedha. Piga chapa hadithi yako, baki na madaftari, kisha peleka nakala moja kwa mchapishaji anayetoa vitabu vya vijana, na uombe akuandikie kuwa ameipokea.

Hadi leo jibu la mchapishaji halijafika. Lakini madaftari anayo, na mahindi bado yako ghalani.