Jinsi Simu Nyingi Zinavyotoshwa na Mawimbi Machache

Karibu kila msomaji wa gazeti letu amepata kushika simu ya mkononi, lakini labda ni wachache waliojiuliza hivi: mawimbi ya redio yanayochukua sauti zetu ni machache, nasi tunaosema ni maelfu, yanatutoshaje?

Kwanza yafaa tujue ya kuwa kila nchi huyagawa mawimbi yake. Haya ni ya ndege, haya ya meli, haya ya polisi, na haya ya simu. Katika fungu la simu kila anayesema hupewa njia yake. Wawili wakitumia njia moja mahali pamoja, watavurugana kama walimu wawili wanaofundisha katika chumba kimoja.

Huko Marekani, simu ya kutumia ndani ya motokaa ilianza katika mji wa St. Louis mwaka 1946. Mtambo mmoja wenye nguvu nyingi uliwekwa mahali pa juu, ukasikika mji mzima. Mpango huo ulikuwa rahisi, ila mtu akiisha kushika njia, hakuna mwingine katika mji wote awezaye kuitumia mpaka amalize. Katika miaka ya 1970, mji wa New York wenye watu zaidi ya milioni 7 ulikuwa na njia 12 tu za simu za kampuni ya Bell za namna hiyo. Waliokuwa nazo walikuwa mia tano na kitu, na wengine zaidi ya 3,000 walikuwa wameandikisha majina, wakingoja. Watu 12 wakiwa wanasema, wa 13 amekwama, hata akiwa daktari!

Ajabu ni kwamba dawa ilikwisha andikwa zamani. Mnamo Desemba 1947, D. H. Ring wa maabara ya Bell, pamoja na mwenziwe W. R. Young, walitoa shauri la kuweka mitambo mingi yenye nguvu ndogo, kila mmoja na eneo lake. Kwenye karatasi maeneo hayo huchorwa kama vijumba vya sega la nyuki, vyenye pembe sita. (Milima na majumba hayajui habari za pembe sita, lakini picha hiyo hurahisisha hesabu.)

Haya, tupige hesabu. Tuseme tuna njia 70. Twachukua vijumba 7 vilivyo pamoja, na kila kimoja twakipa njia 10, ili majirani wasivurugane. Nje ya fungu hilo twaanza tena upya na njia zilezile, kwa kuwa sauti ya mtambo mdogo hufifia kabla ya kufika huko. Mji wenye vijumba 70 una mafungu 10, basi watu 700 waweza kusema kwa wakati mmoja badala ya 70. Tukipunguza upana wa kila kijumba uwe nusu, vijumba vitakuwa 280, na wasemaji 2,800. Mawimbi hayakuongezwa hata chembe.

Kwa nini basi walingoja miaka mingi hivyo? Serikali ilichelewa kutoa mawimbi ya kutosha, na tena motokaa haikai mahali pamoja. Ikitoka kijumba hiki kuingia kile, hapana budi ipewe njia nyingine upesi, msemaji asijue. Kazi hiyo yataka mashine za kompyuta. Tokyo walianza mwaka 1979, na Chicago tarehe 13 Oktoba 1983.

Baadaye mafundi walizidi kubana. Katika mitambo iliyoanza Finland mwaka 1991, wasemaji wanane hupokezana wimbi moja kwa zamu fupi mno, hata sikio halitambui. Simu nayo, ikiwa karibu na mnara, hupunguza nguvu yake ili isiwasumbue walio mbali.

Kwa hiyo mjini utaona minara mingi iliyo karibu karibu, na shamba mmoja mrefu juu ya kilima. Na siku ya mpira, watu wakijaa uwanjani, simu yako yaweza kuonyesha nguvu tele na bado ikakataa kuita. Haikuharibika, ni njia za kijumba kile zimekwisha shikwa zote, nawe ndiwe yule wa 13.