Mfano, kielelezo na modeli fananishi: matumizi katika jiolojia

Wanajiolojia hukunja milima na kupasua mabonde ndani ya sanduku la mchanga. Sanduku hilo tuliiteje kwa Kiswahili? Wafasiri wengi huandika *modeli ya analojia*. Lakini tangu televisheni zihamie mfumo wa dijitali, msomaji wetu huelewa *analojia* kuwa ni kinyume cha *dijitali*. Hapa kinachokusudiwa si ukale wa mtambo bali ni mfanano. Kwa hiyo tunapendekeza *modeli fananishi*: kutokana na *fananisha* tunapata *fananishi*, kama *linganisha* inavyozaa *linganishi*. Hili la pili tumeliepuka kwa kuwa limekwishazoeleka kwa maana nyingine, kama katika *isimu linganishi*.

Tofauti za maana

*Mfano* ni neno pana mno kuwa istilahi. *Kielelezo* huonyesha jambo linalojulikana tayari, kama volkano ya plasta iliyo mezani kwa mwalimu. *Modeli fananishi* huulizwa swali: huwekwa katika mwendo, hupimwa, na jibu lake huweza kumshangaza hata aliyeiunda.

Chimbuko la dhana

Mskoti James Hall, katika andiko lililochapishwa mwaka 1815, alieleza jinsi alivyotandaza vitambaa mezani, akavigandamiza kwa uzito kutoka juu, kisha akavisukuma kutoka pande mbili. Vitambaa vilijikunja kama matabaka ya miamba ya pwani ya Uskoti. Baadaye alitumia udongo wa mfinyanzi.

Kufanana kwa umbo, hata hivyo, hakutoshi. Mwaka 1937 Mmarekani M. King Hubbert alifafanua kanuni za uwiano: ukipunguza urefu, sharti upunguze na uimara wa kitu. Kilomita moja ikiwakilishwa na sentimita moja, yaani skeli ya 1:100,000, mwamba halisi utakuwa imara kupita kiasi; kinahitajika kitu dhaifu zaidi yake kwa takriban kiwango hicho hicho. Ndiyo maana mchanga mkavu, unaobomoka kwa kuguswa tu, huwakilisha vizuri tabaka la juu la ganda la dunia, ambalo huvunjika. Tabaka la chini, ambalo hutiririka polepole kwa joto, huwakilishwa na silikoni yenye mnato. Kitako cha sanduku kikivutwa, nyufa hutokea katika mchanga na sehemu ya kati hudidimia. Kwa njia hiyo miaka milioni kadhaa ya Bonde la Ufa huchunguzwa kwa saa chache.

Fananishi haina maana ya *sawa*. Mchanga hauyeyuki wala haubadiliki kikemia kama miamba ya vilindini. Mfasiri asiandike kwamba modeli *imethibitisha* historia ya bonde fulani. Imeonyesha kwamba njia hiyo inawezekana.

Matumizi

- Sahihi: *Watafiti waliivuta modeli fananishi, ufa ukajitokeza katikati.*
- Sahihi: *Mwalimu alileta kielelezo cha volkano darasani.*
- Epuka: *Kielelezo cha mchanga kimethibitisha jinsi Bonde la Ufa lilivyotokea.*

Sentensi ya mwisho ina makosa mawili: imeligeuza jaribio kuwa pambo la kufundishia, kisha ikalidai ushahidi ambao mchanga hauwezi kuutoa.