Jogoo Bora Ndiye Anayepanda Basi

Mnunuzi wa kuku anayezunguka vitongoji vya Handeni na tenga lake nyuma ya pikipiki hahitaji mizani. Anamshika jogoo miguu, anampima uzito kwa mkono, anampapasa kifua, anatazama magamba ya miguuni kama hayajainuka kwa utitiri. Mwenye kifua kilichojaa analipiwa papo hapo, na jioni yuko Mkata au Segera akisubiri gari la Dar es Salaam. Anayebaki uani ni pora aliyedumaa ambaye mnunuzi hakumtazama mara mbili. Huyo ndiye atakayepanda mitetea yote mpaka msimu ujao.

Kitaalamu hali hii huitwa uchaguzi wa kinyume. Hakuna mfugaji anayeikusudia. Ada ya shule inadaiwa, mgonjwa anapelekwa hospitali, Idd inakaribia, na kuku anayeleta fedha ya maana ni yule mkubwa. Lakini kila mwaka baba wa vifaranga ni mabaki ya soko, halafu tunakaa kusema kuku wa kienyeji ni wadogo kwa asili yao. Chakula na magonjwa vina sehemu yao katika udogo huo. Sehemu nyingine ni mikono yetu wenyewe.

Dawa ya haraka iliyokimbiliwa na wengi ni Kroila na Saso. Kroila asili yake ni India, Saso ni wa Ufaransa, na wote wawili ni chotara waliopangwa: kampuni inatunza koo za wazazi mbalimbali, inazipandisha kwa hesabu, kisha inauza watoto. Kifaranga anayefika Korogwe ndani ya boksi ni mzuri kweli, anakua upesi na anajitafutia. Shida huanza pale mfugaji wa Manundu anapoatamisha mayai ya Kroila wake akitarajia Kroila wengine. Wanaototolewa wanatawanyika: huyu mrefu, yule mfupi, mmoja anakua, mwenzake hakui. Hapo hakuna aliyetapeliwa. Chotara hakuumbwa kuacha mbegu inayofanana naye, na anayemtaka kila mwaka itambidi amnunue kila mwaka.

Mbegu safi ni kitu kingine. Kuku ni wa mbegu safi pale watoto wake wanapomrudia, na wajukuu pia. Rangi nzuri au umbo la kuvutia la ndege mmoja halithibitishi lolote mpaka uwaone watoto. Mfano tunao mabandani: yule kuku mweusi mwenye mng'ao wa kijani ambaye wafugaji wetu humwita Malawi. Jina lake la ukoo ni Black Australorp, na safari yake inafundisha mambo mawili kwa pamoja.

Babu zake walitengenezwa Uingereza mwaka 1886 na William Cook, katika kijiji cha Orpington kilichowapa jina, wawe kuku wa mayai na nyama kwa watu wa kawaida. Wakati huo Waingereza walikuwa wameshazoea kuwaandikia kuku viwango. Kitabu cha kwanza cha namna hiyo kilitoka London mwaka 1865 chini ya uhariri wa W. B. Tegetmeier, na Wamarekani wakatoa cha kwao mwaka 1874. Kiwango husema kuku wa mbegu fulani awe na upanga wa aina gani, miguu ya rangi gani, uzito kiasi gani, na kasoro zipi zinamtoa mashindanoni moja kwa moja. Mwamuzi anahesabu alama, kwa kawaida kati ya 100.

Basi wapenzi wa maonyesho walipomshika Orpington, wakamchagulia manyoya. Akawa mnene, mwenye mapaja yaliyofunikwa manyoya kama sketi, wa kutazamwa zaidi kuliko kufugwa. Waliompeleka Australia walichagua mayai, na huyo ndiye Australorp wetu. Mwaka 1922 hadi 1923 mitetea 6 ya huko ilitaga mayai 1,857 katika siku 365, wastani wa zaidi ya mayai 309 kwa kila mmoja. Babu mmoja, viwango viwili, kuku wawili tofauti. Kiwango hukupa kile ulichokiandika, na ambacho hukukiandika kitapotea taratibu bila kukuaga.

Je, sisi tuna kuku wa kuwaandikia kiwango? Tunao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamewapima kuku wa kienyeji kwa makundi yao: Kuchi, Ching'wekwe, Singamagazi, Mbeya na wengine, na matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 2001. Kuchi ni mrefu, amesimama wima, na jogoo wake huvuka kilo 2.5. Ching'wekwe ni mfupi wa miguu na mwepesi. Uchunguzi wa vinasaba umemweka Kuchi karibu na Shamo, kuku wa mapigano wa Japani, jambo lisilomshangaza anayejua jinsi pwani yetu ilivyofanya biashara na mashariki.

Wengi wangeanza na Kuchi kwa sababu ya bei yake. Mimi nisingeanza naye. Upanga wake mdogo uliolala hurithiwa kwa nguvu, kwa hiyo hata mtoto wa Kuchi na mtetea wa kawaida anaweza kuonekana Kuchi machoni pa mnunuzi. Mwanzoni mwa kazi unataka kuku ambaye usafi wake unaonekana bila maabara. Huyo ni kishingo, kuku wa shingo tupu.

Mshike kishingo mkononi, umgeuze kifua kikuelekee. Kama shingo ni tupu kabisa mbele na nyuma, au ana vinyoya vichache tu, inaelekea amerithi upara kwa baba na kwa mama. Kama mbele, juu kidogo ya gole, ana kishada cha manyoya mfano wa tai, huyo amerithi upande mmoja tu. Upande wa pili amebeba shingo yenye manyoya na ataitoa kwa nusu ya watoto wake. Ukipandisha wawili wenye kishada, tarajia robo ya vifaranga wawe na shingo tupu kabisa, nusu wawe na kishada, na robo wawe na manyoya kama kuku wengine. Haya huonekana siku ileile ya kutotolewa, manyoya laini ya kifaranga yakishakauka.

Ukitaka uhakika zaidi kuhusu jogoo, mpe mitetea yenye shingo za kawaida na uangalie vifaranga. Akiwa na upande mmoja, uwezekano wa vifaranga 7 kutoka wote vishingo ni 1 kati ya 128. Wakitoka wote vishingo, mweke. Akitokea hata mmoja mwenye manyoya, jogoo huyo ni wa sufuria.

Kishingo ana faida nyingine kwa nchi ya chini kama Korogwe na Handeni: manyoya yake ni machache mwili mzima, kwa hiyo anatoa joto kwa urahisi. Kwa aliyeko Lushoto kwenye baridi nisingemsisitizia. Wapo wanunuzi wanaomkimbia kwa sura yake, lakini akishachinjwa na kunyonyolewa sijui nani angemtambua.

Kiwango chake tunaweza kukiandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Shingo tupu pasipo kishada. Upanga mmoja uliosimama. Miguu ya rangi moja, vidole vimenyooka, mdomo haujapinda. Mimi ningependekeza jogoo wa miezi 8 asipungue kilo 2 na mtetea wa umri huo asipungue kilo 1.4, kwa malisho ya uani na pumba kidogo. Halafu iandikwe na kazi yake, isije ikapotea taratibu bila kuaga: mtetea aatamie mwenyewe na kulea vifaranga mbele ya mwewe. Rangi ya manyoya ningeiacha huru kabisa. Rangi ina mteja wake tayari, naye ni mganga. Akitaka kuku mweusi asiye na doa au kidimu mwenye manyoya yaliyojisokota, hukagua kwa ukali zaidi kuliko mwamuzi yeyote wa London.

Kazi ngumu inafuata: kulinda undugu usizidi. Kwa jogoo 1 na mitetea 10, kama wanavyofuga wengi, undugu wa damu ndani ya kundi hupanda kwa takribani asilimia 14 kila kizazi. Kwa majogoo 4 na mitetea 20 hupanda kwa chini ya asilimia 4. Dalili za undugu zinajulikana kwa kila mama mfugaji: mayai hayaanguliwi, vifaranga wanalegea, vidole vinapinda. Kinachoamua hapa ni idadi ya majogoo kuliko idadi ya mitetea.

Majogoo 4 hawawezi kukaa uani kwa mtu mmoja bila kutoana macho, lakini majirani 4 wanawezana. Kila nyumba iwe ukoo wake. Matembe wanabaki kwa mama zao, mapora bora wanahamia nyumba inayofuata kila mwaka, upande uleule bila kurudi nyuma. Hakuna fedha inayotoka mfukoni. Wote wawe na alama: uzi wa rangi mguuni, unaobadilishwa kabla haujakaza, na daftari lenye tarehe ya kuatamia, ambapo siku 21 baadaye panaandikwa wangapi wametoka na wa shingo gani.

Jogoo wa jirani asiye kwenye mpango atapita tu. Dawa yake ni kuifungia mitetea ya mbegu wakati wa kukusanya mayai ya kuatamisha. Na hapa wengi huharibu bila kujua: mtetea huhifadhi manii ya jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi. Ukimwingiza jogoo mpya leo, mayai ya wiki hii yanaweza kuwa ya yule uliyemtoa. Ngoja wiki 3 ndipo uanze kuweka mayai ya mbegu. Ya katikati yaende sokoni au jikoni.

Yote haya ni bure kama mdondo utapita. Kideri, kama wengine wanavyouita, hakiheshimu daftari; kinaweza kufagia koo zote 4 kwa wiki moja. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa tone 1 jichoni kila baada ya miezi 3. Nyumba zote 4 zichanje siku moja.

Kila Agosti wafugaji wa Tanga huungana na wenzao wa Morogoro, Pwani na Dar es Salaam katika Nane Nane ya Kanda ya Mashariki, viwanja vya Mwalimu Nyerere, Morogoro. Huko jogoo mkubwa hupigiwa makofi, lakini ukubwa wake hausemi lolote kuhusu watoto wake. Ombi langu kwa waandaaji ni kuongeza kipengele kimoja kwa kuku wa kienyeji: banda lenye jogoo, mitetea yake 3, vifaranga wao 10 na daftari lao, na alama nyingi ziende kwa vifaranga.