Mbwa Anayeitwa Kelele

“Jina la mbwa, mama?”

“Coco.”

Ilikuwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa hapa Mbita. Tulikuwa tumetandaza vifaa chini ya mwarobaini, na kalamu ya kujaza vyeti nilikuwa nayo mimi. Mama huyo alikuwa amerudi nyumbani kutoka Nairobi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Jina alilipenda kwa sababu lilimnukia Ufaransa, manukato na nguo za bei. Nyuma yake kwenye foleni palikuwa na mzee aliyemfunga mbwa wake kwa kamba ya mkonge. Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kwa Dholuo, “koko” ni kelele. Na kwa Kiswahili, kama msomaji ajuavyo, mbwa koko ni yule asiye na mwenyewe, mlaji wa majalalani.

Mama hakununa. “Basi nimepatia,” akasema, “usiku kucha hanyamazi.”

Nimeulizwa mara nyingi na watu wanaochukua watoto wa mbwa: daktari, nimpe jina gani la lugha ya kigeni, lenye maana nzuri? Wengine wamekwisha kuchagua Kijapani au Kihispania, wanataka tu niwaunge mkono. Ninachowaambia ni kwamba jina la mbwa lina wasikilizaji wawili, mbwa mwenyewe na jirani. Mbwa husikia sauti, jirani husikia maana. Mwenye mbwa anapochagua jina usiku, simu mkononi, huwasahau wote wawili.

Tumchukue mbwa kwanza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Amritha Mallikarjun na Rochelle Newman wakiwamo, walichapisha jaribio la kuwasikilizisha mbwa majina yao huku watu wengine wakiongea kwa pamoja pembeni. Mbwa walilitambua jina lao hata pale zogo lilipokuwa na nguvu sawa na sauti ya mwitaji. Aliyewahi kumwita mbwa wake ufukweni Mbita asubuhi, wakati mashua zinarudi na wanunuzi wanagombania omena, hatalishangaa tokeo hilo.

Lakini sikio hilo kali lina mpaka wake. Mwaka 2020 Lilla Magyari na wenzake wa Budapest waliwabandika mbwa wa nyumbani vipima umeme vya ubongo kichwani, wakawasikilizisha maneno ya amri waliyoyajua, maneno yaliyofanana nayo ila sauti moja tu, na maneno yasiyofanana nayo kabisa. Ubongo ulitofautisha amri na neno la mbali. Amri na neno lililobadilishwa sauti moja, haukuonyesha kuvitenganisha. Huenda masikio yanaipata tofauti ila mbwa haijali. Kwa mwitaji, mambo ni yaleyale.

Sasa chukua kijana anayempa mbwa wake jina Shaka, kwa heshima ya mfalme wa Wazulu. Jina zuri, zito, la Kiafrika. Lakini amri tunayowapa mbwa wetu wanapomwona mwizi ni “shika!” Tofauti ni irabu moja. Siku ambayo mwenye mbwa atamwita Shaka aje asalimie wageni, sitaki kuwa mmoja wa wageni hao. Max ni hatari zaidi katika boma la Wajaluo, maana kwa Dholuo “mak!” ni kamata. Jina ambalo Marekani limejaa kila mtaa, hapa linakaa mlangoni mwa amri ya kung’ata. Tokyo nayo inakaribia “toka”, Lulu inakaribia “lala”. Kabla hujampenda mfalme wa nchi fulani au mji wa nchi fulani, ziorodheshe amri utakazotumia, katika lugha zote zinazosemwa nyumbani kwako, kisha ulitamke jina katikati yao kwa sauti.

Watu huniuliza pia kama mbwa anaweza kujua kwamba jina lake ni la kigeni. Kuna utafiti unaokaribia swali hilo. Laura Cuaya alihama kutoka Mexico kwenda Hungaria pamoja na mbwa wake Kun-kun, akajiuliza kama mbwa anang’amua kuwa watu wa huko wanaongea lugha nyingine. Yeye na wenzake waliwafundisha mbwa 18 kutulia ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasomea hadithi kwa Kihispania na kwa Kihungaria. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba ubongo wa mbwa hushughulikia lugha iliyozoeleka tofauti na ile ngeni, na tofauti hiyo iliongezeka kwa mbwa wenye umri mkubwa zaidi. Kwa hiyo mbwa wa Mbita aliyezeeka kati ya Dholuo na Kiswahili huenda anajua lini mgeni wa mbali ameingia uani. Ila jina lake si geni kwake hata likitoka mwezini. Amelisikia kila siku, likifuatwa na chakula.

Jirani ndiye mwenye kazi ngumu. Yeye hulipokea jina, hulitafuna, hulitamka kwa ulimi wake. Dholuo haina sauti za v, z na sh, na wazee wengi huziweka f na s mahali pake. Zeus akivuka ua mmoja anakuwa Sius. Kiswahili nacho hakipendi neno liishie kwa konsonanti, hivyo Rex, ambalo kwa Kilatini ni mfalme, linakuwa Reksi. Mbwa anayeitwa kwa sauti moja na baba na kwa nyingine na bibi atachelewa kujifunza. Mpe jina ambalo bibi mwenye meno machache na mtoto wa miaka minne watalitamka sawasawa. Silabi mbili zinatosha.

Na tusijidanganye kwamba ugeni huanzia ng’ambo ya bahari. Mbwa wangapi hapa wanaitwa Simba? Mjaluo humwita simba “sibuor”. Basi Simba, jina tunaloliona la nyumbani kuliko yote, ni neno la lugha ya kigeni lililopewa mbwa wa Mbita kwa ajili ya maana yake. Wamarekani nao wanampa paka jina hilohilo tangu filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Mwethiopia anayetaka simba wake atasema Anbessa, Msomali atasema Libaax, Mturuki Aslan. Ukichoka na Simba lakini bado unamtaka simba, hao watatu wako tayari, ingawa Libaax itamshinda bibi.

Yapo majina ambayo sitayaandika kwenye cheti bila kuuliza mara mbili. La kwanza ni jina la mtu. Wajaluo humpa mtoto jina la marehemu ili ukoo uendelee kumtaja. Kumwita mbwa jina hilo ni kumfunga marehemu kamba shingoni, na jirani atalisikia tusi kila jioni. Hata jina la lugha ya mbali huenda ni la mtu huko litokako, tena mtu anayeheshimiwa. Karimu na Rahimu zinavutia masikioni, lakini ni sifa za Mungu, na Mwislamu wa Mbita au wa Mombasa hatakuona mcheshi. Kwa upande mwingine, Biblia ina mzaha wake. Wataalamu wa Kiebrania wamelihusisha jina Kalebu na “kelev”, yaani mbwa. Katika nchi hii ya Nyanza Kusini, ambako Waadventista walianza kazi pale Gendia mwaka 1906, akina Kalebu ni wengi, na ninawaomba wasinitumie ujumbe. Kalebu wa Biblia alikuwa mwaminifu kuliko wapelelezi wenzake karibu wote.

La pili ni jina la ujumbe. Huko Benin, kwa Wabaatombu, mtu hukata methali akamwita nayo mbwa, ili anayemkusudia asikie bila kuambiwa. Mtafiti Wendy Schottman aliandika kuhusu desturi hiyo mwaka 1993. Mswahili hana haja ya kufafanuliwa, kanga zimefanya kazi hiyo vizazi na vizazi. Tofauti ni kwamba kanga hukunjwa ikawekwa sandukuni. Mbwa uliyempa jina la kumsuta shemeji ataishi miaka kumi na zaidi, na huenda mkapatana na shemeji kabla ya hapo.

Maana yenyewe nayo hubadilika ikivuka mipaka. Warusi walimrusha mbwa wao angani tarehe 3 Novemba 1957, wakamwita Laika, maana yake mbwekaji. Kabla ya hapo alikuwa Kudryavka, yaani mwenye nywele za mawimbi. Mswahili aliyesikia Laika redioni alisikia unywele mwororo wa mwilini, wingi wake malaika. Warusi walimvua mbwa jina la nywele, Kiswahili kikamrudishia bila kujua. Au chukua Kuro, Kijapani cha “nyeusi”, ambalo vijana humpa mbwa mweusi. Kwa Kiswahili kuro ni yule mnyama mwenye pembe anayeonekana Ruma, katika bonde la Lambwe, mwendo mfupi kutoka hapa. Hakuna ubaya, ila ujue utaulizwa.

Ukivuka daraja kwenda kisiwa cha Rusinga utaikuta hadithi ya majina inayonifurahisha kuliko zote, na haihusu mbwa. Mwaka 1933 Mwingereza Arthur Hopwood alipewa kazi ya kuyataja mabaki ya mnyama wa kale wa jamii ya nyani wakubwa, yaliyochimbwa Koru. Ulaya kulikuwa na sokwe wa maonyesho aliyeitwa Consul, jina la cheo cha Kirumi. Hopwood akamwita mnyama wetu Proconsul, yaani aliyemtangulia Consul. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la mnyama wa jamii hiyo, wa takriban miaka milioni 18, na kwa miongo mingi jiwe la kisiwa hiki likabeba jina la utani la sokwe wa jukwaani. Mwaka 2015 wanasayansi waliwatenga wa Rusinga na wa kisiwa jirani cha Mfangano katika jenasi yao, wakachukua neno la Kisuba la nyani: Ekembo. Spishi moja inaitwa Ekembo heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri aliyefanya kazi na akina Leakey. Ukiniuliza, hilo ndilo jina lililochaguliwa vizuri kuliko yote katika eneo hili.

Na hapo ndipo ninapowapeleka wanaotaka jina la kigeni lenye uzito. Kisuba ni lugha ambayo UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa zilizo hatarini, nayo inasemwa ng’ambo ya maji unayoyaona kutoka jetini. Vijana wengi wa Mbita wanajua maneno zaidi ya Kikorea kutoka kwenye tamthilia kuliko ya Kisuba. Panda boti uende Mfangano, umuulize mzee neno la wingu, la mvuvi, la upepo wa usiku. Atakwambia pia, bila kuficha, neno lipi haliwezi kupewa mbwa. Hakuna simu itakayokuonya hivyo.

Ukishalipata, lifundishe. Kaa karibu na mtoto wa mbwa, litaje mara moja kwa sauti ya furaha, akigeuka mpe omena mmoja. Rudia mara chache kwa siku, kwa muda mfupi. Usilitumie kumgombeza, wala usimwite kwa jina ili umchape, kwa sababu atajifunza kwamba sauti hiyo ni ya kukimbiwa. Watu wote nyumbani walitamke namna moja.

Yule wa kikapuni nimemwandika Koko, kwa K mbili, kwa idhini ya mama. Wako akitimiza miezi mitatu mlete achanjwe, na umrudishe kila mwaka. Mje jina likiwa limekwisha kuamuliwa, kwani cheti hujazwa kwa wino na nyuma yako kuna foleni.