Vibanzi vya Mawe Visitupwe

Mchonga vinyago wa Kimakonde akishamaliza kazi yake, kinyago huuzwa kikaenda zake, pengine hata ng'ambo. Kinachobaki chini ya mti alipoketi ni vibanzi vya mpingo. Mjuzi wa kazi hiyo akivitazama atatambua kama gogo lililetwa na magome yake au lilikwisha kuchongwa kwingine.

Ndivyo yalivyo mawe ya kale. Zana njema aghalabu iliondoka na mwenyewe. Masalio yalibaki pale pale. Kwa hiyo mtaalamu wa mambo ya kale hatosheki na shoka zuri la kuwekwa kabatini. Mary Leakey, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya Bonde la Olduvai, alihesabu vibanzi pamoja na zana.

Kazi huanza kwa chekeche, maana vilivyo vidogo ndivyo vinavyoonyesha kwamba watu walichonga mahali hapo. Kisha kila kipande huulizwa. Je, kina bapa dogo palipopigwa, na nundu chini yake? Hiyo ni dalili ya mkono wa binadamu. Je, kingali na ganda la nje la jiwe? Vyenye ganda vikiwa vingi, jiwe lilianza kupasuliwa hapo. Vikiwa haba, huenda lililetwa limekwisha kumenywa. Halafu huja kazi ya subira isiyo kifani: kurudishia vipande mahali vilipobanduka. Huko Lokalalei, magharibi ya Ziwa Turkana, Hélène Roche na wenzake walieleza mwaka 1999 makundi zaidi ya 60 ya vipande vilivyooana, vyenye umri wa miaka ipatayo milioni 2.3. Pigo baada ya pigo lilifuatwa, kana kwamba mpigaji angali ameketi.

Hapa kwetu Nambambo jembe hugonga jiwe jeupe la kwatsi. Kwatsi, nakiri, ni shahidi mgumu: hupasuka ovyo, na mara nyingi nundu haionekani. Simwambii mkulima kwamba kila kipande shambani mwake ni kazi ya wahenga. Mtaalamu mwenyewe hulazimika kuvunja kwatsi kwa mkono wake, apate cha kulinganisha. Lakini atalinganisha nini, ikiwa kifusi kimekwisha kushindiliwa barabarani?

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba jambo hili ni la bara peke yake. Katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, Profesa Felix Chami alichimba mwaka 2005, na zana za kwatsi zilipatikana katika kisiwa ambacho mwamba wake ni wa matumbawe. Watu walikaa humo yapata miaka 20,000 iliyopita, bahari ilipokuwa imeshuka na Unguja imeungana na bara. Je, walileta mabonge au zana zilizokwisha kuchongwa? Swali kama hilo hujibiwa na vibanzi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wa bara, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na haikusema viwe vizuri. Basi watendaji wa kata, kabla ya tingatinga kuingia penye kifusi, na wapite hapo kwa miguu. Wakikuta vibanzi vingi vimekusanyika, wasiokote vilivyo vizuri; waviache vilivyo, waandike jina la mahali, na habari ifike wilayani siku hiyo hiyo.