Mbwa wa nyumbani na watoto wadogo: nani anabaki na macho wakati tuko shambani?

Tangu mwezi wa tatu, kahawa ikianza kuiva, nyumba nyingi hapa Minova zinabaki bila mukubwa kuanzia asubuhi mpaka jua liiname. Baba na mama wako muteremuko wanachuma, wakubwa wa watoto wako masomoni. Ndani ya lupango wanabaki mutoto wa miaka 2 ao 3, dada yake wa miaka 7 ao 8, na mbwa. Tunasema: mbwa ni yetu, imewazoea. Lakini mbwa yenye kuluma mutoto mudogo mara nyingi si ya barabarani, ni ile ya nyumbani ao ya jirani, ile mutoto anaijua kwa jina.

Wamoja watauliza agronomu anatafuta nini katika mambo ya mbwa. Mbwa ni sehemu ya kazi ya mulimaji: inafukuza wezi wa muhogo, inalinda mbuzi usiku. Siombi mutu aifukuze. Ila mutoto akilumwa, mavuno ya juma nzima yanaweza kuishia kwenye dawa na safari, na hiyo ikiwa bado ni bahati nzuri.

Mutoto mudogo na mbwa hawasikilizani. Mutoto anashika mukia, analala juu yake, anaingiza mukono ndani ya sahani wakati inakula, anabeba watoto wake wakati mama yao iko karibu. Kwake ni muchezo. Mbwa inaonya kwanza kwa njia yake: inageuza kichwa, inalamba midomo bila chakula, mwili unakuwa mugumu, kisha inanguruma. Mutoto wa miaka 3 hasomi hiyo. Na kwa sababu yeye ni mufupi, meno yanafika usoni, kichwani ao shingoni, pahali mutu mukubwa angelumwa muguu. Neno moja hapa: tusipige mbwa kwa sababu imenguruma. Mbwa yenye kupigwa kila mara inanguruma inajifunza kunyamaza, na siku ingine inaluma bila kuonya. Ikinguruma, ondoa mutoto, kisha tafuta ni nini kiliikasirisha. Pengine iko na kidonda ao inaumwa masikio.

Sasa kuangalia mutoto maana yake nini? Kumuachia dada yake wa miaka 8 si kuangalia. Dada naye ni mutoto, na mbwa ikigeuka hawezi kuishika. Kwa mutoto wa chini ya miaka 5, njia ni mbili tu: mukubwa awe karibu kiasi cha kumugusa kwa mukono, ao kuwe na kizuizi kati ya mutoto na mbwa. Kwa sababu siku za kuchuma mukubwa hayuko, tujenge kizuizi. Hakiombi pesa nyingi. Matete ao miti ile tunazungushiaka mbuzi inatosha kwa kijumba cha mbwa nyuma ya jiko, chenye kivuli na maji, pahali itakula bila mutu kuisumbua.

Wengi wanafunga mbwa kwa kamba. Kamba inasaidia, lakini mbwa yenye kufungwa mufupi kutwa nzima inakuwa kali, juu haiwezi kukimbia kitu inachoogopa. Na tukumbuke hesabu: kamba ya metre 3 inafikisha mbwa pande zote, duara ya metre 6 kutoka ukingo mpaka ukingo. Panga mawe kwenye duara hiyo na ufundishe mutoto kwamba ndani ya mawe hapaingiwi. Mutoto wa miaka 5 anaelewa hiyo. Wa miaka 2 haelewi, kwake inabaki kizuizi.

Kwenye kooperative tunaweza kufanya zaidi. Mama 10 wakichuma pamoja, mumoja kila siku anaweza kubaki na watoto wa wote pahali pamoja, kazi yake ihesabiwe sawa na ya wengine. Si jambo jipya, bibi zetu walisaidiana hivyo wakati wa kulima maharagi.

Jambo ingine ni la pekee kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, vita karibu na Sake vilisukuma watu wengi sana mpaka Minova, na jamaa nyingi zilipokea wageni ndani ya lupango zao. Mbwa yenye kuzoea watoto wa nyumba haiwajui watoto wa mugeni. Kwake ni watu waliokuja kuvamia. Siku za kwanza, usiiache huru pamoja nao hata dakika moja.

Watoto wakubwa tuwafundishe mambo matatu. Mbwa yenye kulala, kula ao kunyonyesha haiguswi. Mbwa ikikukimbilia, usikimbie: simama kama muti, mikono chini, usiitazame machoni. Ikikuangusha, jikunje kama jiwe, ufunike shingo na masikio kwa mikono.

Na kama imekwisha kuluma? Hapa ndipo kifo kinaingiaka, kwa kichaa cha mbwa, ile tunaitaka raji. OMS inahesabu karibu watu 59.000 wanaokufa nayo kila mwaka duniani, karibu wote kwa sababu ya mbwa. Katika watu 10 wanaolumwa na mbwa yenye kudhaniwa kuwa nayo, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ugonjwa uko ndani ya mate, unapanda kwa mishipa polepole mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi ni miezi 2 ao 3, lakini mulumo wa usoni unaweza kwenda haraka. Dalili zikionekana, karibu hakuna anayepona. Mbele ya dalili, dawa ipo.

Osha kidonda kwa maji mengi yenye kutiririka na sabuni, dakika 15 nzima, hata kama ni mukwaruzo tu. Kazi hiyo inaanza palepale nyumbani, mbele ya safari. Usitie pilipili, petroli, majivu, unga wa kahawa, wala lile jiwe jeusi linalowekwa kwa kidonda cha nyoka. Hakuna moja inayozuia raji. Kisha nenda kituo cha afya siku ileile. Chanjo inapewa mara kadhaa kwa siku tofauti, na kuikata katikati kwa sababu kidonda kimekauka ni hatari. Watoto wengi wanaficha kwa kuogopa fimbo, kwa hiyo musimpige mutoto aliyelumwa.

Mbwa yenyewe, kama inaweza kufungwa bila hatari, ifungwe na iangaliwe siku 10. Ikibaki nzima na yenye afya, haikuwa na raji kwenye mate siku ile ililuma. Lakini mutoto asingoje hizo siku 10 ndipo aende kwa muganga.

Kuua mbwa zote hakumalizi ugonjwa, zingine zinakuja kuchukua nafasi. Kuchanja ndiko kunamaliza, mbwa 7 kati ya 10 ikiwezekana. Kisiwani Pemba, Tanzania, walichanja mpaka raji ikaisha mwaka 2014; ikarudi mwaka 2016, wakachanja tena mpaka ikaisha tena. Kabla ya mavuno, kila kooperative ihesabu mbwa za wanamemba wake na ipeleke hesabu hiyo kwa muganga wa mifugo, kwa sababu kuja kwa mbwa 60 pahali pamoja ni rahisi kuliko kuja kwa moja. Siku hiyohiyo, mutu mumoja aende kuuliza kituo cha afya: chanjo ya watu iko wapi karibu, na inalipwa namna gani? Tusiulize swali hilo mutoto akiwa amekwisha kulumwa. Na wenye ngombe na mbuzi wajue kwamba nazo zinalumwa na kufa kwa raji. Nyama ya nyama iliyokufa hivyo hailiwi, hata kama inauma kuitupa.