Baada ya geti la Mirembe

Mtanzania akitaka kumtania mwenzake kwamba kichwa chake hakiko sawa, humwambia aende Mirembe. Mzanzibari husema Kidongo Chekundu, Mkenya Mathari, Mganda Butabika. Utani umezoeleka hata wengine husahau kwamba Mirembe ni hospitali halisi ya afya ya akili, pale Dodoma, iliyoanza mwaka 1927 chini ya Waingereza. Wagonjwa huingia, hutibiwa, na wengi hupata nafuu wakaruhusiwa kutoka. Kazi ngumu huanzia hapo: wanatoka kwenda wapi, na kwa nani?

Kwa miaka mingi jibu halikutafutwa sana. Katika nyanda hizi za kati, mtu mwenye ulemavu ndiye aliyeifuata huduma, nayo haikumfuata. Wenye ukoma waliwekwa kwenye kituo cha Hombolo. Watoto wasioona walipelekwa Buigiri, wilayani Chamwino, ambako Kanisa la Anglikana lilifungua shule yao mwaka 1950, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Buigiri ilifanya kazi kubwa, na aliyejifunza nukta nundu pale alipata elimu ambayo kijijini kwao isingewezekana. Lakini mtoto aliyekulia bwenini huwarudia ndugu zake akiwa nusu mgeni. Kwa mgonjwa wa akili ugeni huo huwa mkubwa zaidi, kwa sababu wa nyumbani wanakumbuka siku aliyoondoka, pengine akiwa amefungwa kamba.

Enzi za Ujamaa, Tanzania ilijaribu jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Hospitali za akili zilianzishiwa vijiji vya utengamao. Mirembe ilipata chake Hombolo, kaskazini-mashariki ya mji, na karibu na Dar es Salaam kikawepo cha Vikuruti. Aliyekuwa anapata nafuu alitoka wodini akaishi kijijini, akalima na kufuga kabla ya kurudi kwao. Wakati Italia inapitisha sheria ya kufunga hospitali zake kubwa za vichaa, mwaka 1978, Dodoma ilishaona kwamba jembe na majirani vinaweza kumsaidia mtu kuliko ukuta. Baadaye mpango wa taifa ulianza kupeleka huduma za akili hadi ngazi ya zahanati, kwa majaribio katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro.

Wazo lilikuwa zuri, ila lilikuwa na kasoro moja. Kulima humtibu aliyekuwa mkulima. Aliyekuwa fundi cherehani, karani wa stesheni au mwanafunzi wa chuo alipewa jembe lilelile.

Kasoro hiyo ndiyo inayorekebishwa na msaada unaomweka mtu mwenyewe katikati. Chukua mfano wa kijana wa kijiji fulani cha Kongwa, aliyekuwa na kibanda cha kuuza vocha na kuchaji simu kabla hajaugua. Akitoka hospitalini, mazoea ni kumpa mama yake dawa na maelekezo, kijana amesimama pembeni kama mzigo unaokabidhiwa. Njia nyingine ni kuongea naye yeye kwanza. Anataka kurudi kibandani au ameshachoka nacho? Dawa zinamlaza mchana wakati wa palizi. Je, daktari anaweza kubadili muda wa kuzimeza? Dalili yake ya kwanza ni kukosa usingizi siku mbili tatu. Ikimjia, anataka aambiwe nani, kaka yake au muuguzi wa zahanati? Majibu hayo yakiandikwa, ndiyo mpango wake. Wa jirani yake, hata kama wanaugua ugonjwa mmoja, utakuwa tofauti.

Uganda imeongeza hatua nyingine. Katika hospitali ya Butabika, Kampala, watu waliowahi kuugua wamefundishwa kuwatembelea majumbani wenzao walioruhusiwa. Anayebisha hodi anajua dawa zile zinavyokausha mdomo na jinsi mtaa mzima unavyokutazama. Daktari hawezi kuigiza ujuzi huo.

Upande wa sheria, Tanzania haina kisingizio. Iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge, hapohapo Dodoma, likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 19 ya mkataba huo inampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Fungu hilo likitajwa, wengi hufikiria kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe. Mwenye ulemavu utokanao na ugonjwa wa akili hakumbukwi, naye haendi kuomba, kwa kuwa kuomba ni kujitangaza.

Sheria, hata hivyo, haifiki kwenye kikao cha harusi. Huko ndiko mtaa unakoonyesha nani ni wake: kwa kadi ya mchango, kwa ujumbe wa msiba, kwa zamu ya kukusanya fedha za kikundi. Aliyerudi kutoka Mirembe mara nyingi haombwi hata senti. Watu hudhani wanamwonea huruma, kumbe wamemfuta kwenye daftari.

Kama mtaani kwako yupo mtu wa namna hiyo, kikao kijacho mpelekeeni kadi yenye jina lake. Muulizeni anaweza kuchangia nini na angependa kazi gani kwenye kamati, na swali hilo aulizwe yeye, si mama yake.